Sifuri na Pengo: Somo la Kwanza kwa Mwanafunzi wa Uzamili wa Hali ya Hewa

Mwanafunzi ajaye kusomea shahada ya uzamili katika elimu ya hali ya hewa na tabia ya nchi huwa amekwisha kuhitimu Fizikia, Hisabati au Jiografia. Milinganyo ya mwendo wa hewa aijua, wala kompyuta haimtishi. Jambo ambalo aghalabu hajafundishwa ni kulitilia shaka daftari. Katika makala haya twakusudia kueleza somo moja tunalolitumia kuuziba upungufu huo. Lahitaji ubao, chaki, na nakala za kurasa chache za vipimo vya mvua.

Twaanza kwa hesabu ndogo. Kituo kimoja kiliandika jumla ya milimita 180 katika mwezi wa Novemba. Siku 20 zina vipimo. Siku 10 ziko tupu, kwa kuwa mpimaji hakufika. Wastani wa siku moja ni upi? Agawanyaye kwa 30 hupata milimita 6, na agawanyaye kwa 20 hupata 9. Mwalimu asiharakishe kusema nani amepata, awaache wabishane.

Yule wa kwanza amegeuza pengo kuwa sifuri, yaani ameshuhudia ukavu ambao hakuna aliyeuona. Kosa hilo hutambulikana upesi. La pili ndilo gumu. Kugawanya kwa 20 ni kudhani kwamba siku zilizokosekana zilifanana na zile zilizopimwa. Hapo twauliza: mpimaji hakufika kwa nini? Kama alikwenda harusini, dhana hiyo yaweza kukubalika. Kama mto ulifurika akashindwa kuvuka, basi huenda siku zilizopotea ndizo zilizokuwa na mvua kubwa kuliko zote, na hata 9 ni ndogo. Tena kipimamvua hakilali mpimaji akiwa hayupo. Akirudi akayapima maji yote yaliyokusanyika na kuyaandika kwa siku moja, yataonekana kuwa dhoruba ya usiku mmoja. Ilhali jumla ya mwezi, kama chombo hakikufurika, ni sahihi, na ile 6 iliyochekwa hapo awali ndiyo kweli. Darasa hunyamaza kidogo hapo.

Nasi hatukusalimika. Katika daftari la chuo chetu tulikuta kila likizo ya Desemba imejazwa sifuri kwa mwandiko mzuri sana. Kiranja mwenye bidii hakupenda ukurasa wenye nafasi tupu.

Baadhi ya wenzetu huona kuwa haya ni mambo ya shule ya msingi, hayamfai mtu wa uzamili. Hatukubaliani nao. Mvua za vuli za mwaka 1961 zilileta mafuriko makubwa Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Wakati huo hapakuwa na setilaiti za kupima joto la bahari. Mwaka 1999 ndipo Saji na wenzake walipoeleza mgeuko wa joto la Bahari ya Hindi, ambapo maji ya upande wetu huwa na joto kupita kawaida na yale ya karibu na Sumatra hupoa. Mtafiti atakaye kulinganisha vuli ya 1961 na zile za 1997 na 2019 hana budi kuyategemea madaftari ya wapimaji na kumbukumbu za mabaharia. Na kwa kuwa wastani wa tabia ya nchi huhesabiwa kwa miaka 30, sifuri za uongo za Desemba huushusha wastani huo, na vuli ya kawaida ikaonekana yenye mvua kupita kawaida.

Zoezi la kufuatia huchukua wiki mbili. Kila mwanafunzi hupewa kituo kimoja pamoja na majirani zake watatu. Hulinganisha siku kwa siku, na kila pengo hulitia alama yake mwenyewe, tofauti na sifuri, akiandika pembeni sababu anayoishuku. Haruhusiwi kujaza pengo lolote kabla hajaitetea sababu hiyo mbele ya darasa. Alama twazitoa kwa utetezi, si kwa tarakimu.