Kabla ya kumwita mwanafunzi mvivu

Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, Serikali ilifunga shule. Kidato cha sita na vyuo walirejea Juni 1, waliobaki Juni 29. Katika kipindi hicho baadhi yetu walimu tulijaribu kufundisha kwa simu. Mimi nilifungua kundi la WhatsApp la somo la dini kwa kidato cha nne. Waliojiunga hawakufika nusu ya darasa, na waliojibu maswali walihesabika kwa vidole. Nikasema: hawa ni wavivu, simu za kutazama mpira wanazo, za kusomea hawana.

Shule ilipofunguliwa, nilimkaripia binti mmoja mbele ya wenzake kwa kutohudhuria. Hakujibu kitu. Baada ya kipindi akaniletea daftari, masomo yote ameyanakili. Simu ilikuwa ya mama yake, ambaye hushinda nayo sokoni. Binti alikuwa akisoma usiku, wakati mimi nafundisha saa nne asubuhi.

Wataalamu walikwisha kuligusa jambo hili. Mwaka 1989 Fred Davis wa Marekani alieleza kuwa mtu huikubali teknolojia kwa kupima mambo mawili: itanifaa? Ni rahisi kuitumia? Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, waliongeza mengine mawili: watu ninaowajali wanaionaje? Na je, nyenzo ninazo?

Nikajipima kwa maswali hayo. Kwanza manufaa: nilikuwa nikituma picha za kurasa za kitabu ambacho wengi wanacho. Sasa ajiunge afuate nini? Pili wepesi: nilirekodi sauti ya dakika ishirini nzima, simu ndogo zikajaa. Tatu watu: wazazi sikuwaambia chochote, hivyo kijana akishika simu huambiwa anachezea, aiweke chini akachote maji. Nne nyenzo: bando ni fedha, na katika nyumba nyingi fedha hiyo hushindana na unga.

Kwa hiyo, utayari wa mwanafunzi hauko moyoni mwake peke yake. Sehemu yake iko mikononi mwa mwalimu, sehemu kwa mzazi, na sehemu mfukoni. Hapana shaka wavivu wapo, lakini huwezi kuwajua mpaka uwe umewaondolea wengine vikwazo.

Walimu wenzangu, likitokea tena, tuanze kwa kuzungumza na wazazi. Masomo yawe mafupi, ya maandishi, yatumwe jioni, na kila anayeuliza ajibiwe. Asiye na simu apangiwe mwenzake wa jirani wa kunakili kwake.

Dini yetu inatufundisha kumdhania mwenzetu mema. Mimi sikufanya hivyo. Nilimwomba radhi binti yule mbele ya darasa lile lile nililomkaripia.

Tunamuomba Allah atuepushe na maradhi mengine. Yakija, yasitukute na makosa yale yale.