Chachu Yenye Kiu na Harufu ya Pombe ya Asali

Chachu inawezaje kukosa maji ilhali imezama ndani yake?

Inategemea maji yaliyo huru, na sukari nyingi huyashika hata seli ikaanza kunyonywa maji yake yenyewe na kusinyaa. Katika misitu ya miombo ya mkoa wa Lualaba mfano wa wazi ni asali. Maji yake ni asilimia 17 au 18 hivi, na mengi yameshikwa; ndiyo maana asali iliyokomaa haichachi mpaka izimuliwe.

Seli hujikingaje?

Hutengeneza gliseroli na kuirundika ndani ili maji yasizidi kutoka. Kinga hiyo hugusa harufu moja kwa moja. Kwa kawaida hidrojeni inayopatikana sukari inapovunjwa hutumika kugeuza asetaldehaidi kuwa alkoholi. Gliseroli ikiitwaa, sehemu ya asetaldehaidi hukosa mwenzi: nyingine huvuja na kunukia tufaha bichi, nyingine hugeuka asidi ileile iliyomo katika siki.

Basi harufu nzuri hupungua?

Wengi hudhani hivyo, lakini viwanda vya bia vimeona kinyume chake. Bia inayochachushwa ikiwa nzito kisha kuongezwa maji hupata esta kupita kiasi: isoamili asetati, yenye harufu ya ndizi, na ethili asetati, ambayo ikizidi hunuka gundi. Asali haifuati njia hiyo sawasawa, kwa kuwa ina nitrojeni haba. Chachu yenye njaa ya nitrojeni hutoa esta chache na huweza kunuka yai viza.

Na vinywaji vingine vya huko, munkoyo na lutuku, je?

Munkoyo hauna tatizo kubwa: mizizi inayotiwa humo huvunja wanga wa uji wa mahindi, na uji ni mwepesi. Lutuku ni habari nyingine, maana hukenekwa. Gliseroli hubaki chunguni, ilhali asetaldehaidi na ethili asetati hutangulia kupanda na mvuke. Kasoro ya uchachushaji hujikusanya katika matone ya kwanza, ambayo mkenekaji makini huyamwaga.

Kipimo gani kinafaa kwa asali?

Kilo 1 katika lita 3 za maji huleta sukari ya asilimia 20 hivi, ambayo chachu ya kawaida huimudu. Katika lita 1 sukari hukaribia asilimia 40, na uchachushaji huchelewa au hukwama. Anayetaka pombe kali huongeza asali kidogokidogo. Chachu kavu huamshwa kwanza katika maji ya uvuguvugu yasiyo na asali.