Kwa Nini Mimi, Siyo Yule?

Mdogo wangu wa Endamarariek, ujumbe wako nimeusoma. Miaka minne umefanya usafi wa vyumba kwenye loji moja ya huko Karatu, masika yakaingia, wageni wakapungua, jina lako likasomwa kati ya wanaopunguzwa. Aliyebaki kaajiriwa mwaka jana tu, na ni shemeji yake meneja. Unauliza walitumia kigezo gani. Swali hilo usiliache lipoe.

Uchungu wako naujua. Mwaka 2020, korona ilipozuia ndege, watalii nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi laki sita na ushee, na vijana wengi wa Karatu walirudi nyumbani kulima mahindi na maharage. Kwamba wageni hawapo, kila mtu aliliona. Kilichouma ni kuona nani kabaki. Uhaba wa wageni ni sababu ya kupunguza watu, lakini hauelezi kwa nini wewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha azungumze na wafanyakazi au chama chao, ikiwemo kuhusu namna ya kuwapata wa kuondoka. Mazungumzo yanatangulia, orodha inafuata. Kigezo kilichozoeleka ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza. Mwajiri anaweza kumbakiza mwajiriwa mpya mwenye ujuzi maalumu, ila autaje. Ushemeji si ujuzi. Ujauzito nao si kigezo, wala uanachama wa chama cha wafanyakazi.

Sasa pesa. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kama msingi wako ni 260,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku sita kwa wiki, siku moja ni 10,000. Kwa miaka minne ni 280,000. Hapo bado notisi, siku za likizo ulizobakiza na mshahara wa siku ulizofanya kazi.

Wakikuambia "mkataba umeisha tu", tazama walivyokuwa wakiuhuisha. Kama ulikuwa na sababu ya msingi kutarajia utaongezewa, sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeachishwa. Na karatasi inayosema umeacha kazi kwa hiari, tafadhali, usiiguse kwa kalamu.

Huyo binti aliyebaki usimnunie. Orodha hakuiandika yeye.

Una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo halali Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ofisi iko Arusha. Beba mkataba, hati za mshahara na barua waliyokupa. Kama hawakukupa barua, iombe kwa maandishi na ubaki na nakala. Dai pia cheti cha utumishi, maana Juni wageni wakirudi, loji nyingine watakuuliza ulifanya kazi wapi.