MWANGAZA WA ZIWA NA HESABU YA VIOO VIWILI



Sisi wa Baraka tunajua shida ya jua la asubuhi. Linatokea upande wa Ubwari, maji yanawaka, na mvuvi haoni samaki aliye chini ya mtumbwi wake. Mwangaza ni wimbi lenye kutikisika. Ule wa jua unatikisika pande zote, lakini ukigonga maji na kurudi, sehemu kubwa inatikisika kwa kulala, sawa na uso wa ziwa. Hiyo ndiyo polarizasioni. Jua likiwa digrii 37 juu ya maji, kwetu kama saa mbili na nusu asubuhi, mwangaza unaorudi ni wa kulala tu. Miwani ya polarizasioni inapitisha ule wa kusimama, basi macho yanaingia majini. Ukilaza kichwa begani, mng'ao unarudi.

Sasa hesabu. Nilipata miwani ya namna hiyo, imevunjika, imebaki vioo viwili, A na B. Mwangaza wa kioo cha mashine ya kuhesabia tayari una upande mmoja. Niliweka B mbele yake, nikaizungusha mpaka namba zikapotea gizani. Halafu nikaingiza A katikati, imeinama digrii 45. Namba zikarudi! Wenzangu walisema ni mazingaombwe.

Si mazingaombwe. Malus, Mfaransa aliyegundua polarizasioni ya mwangaza unaorudi mwaka 1808, ametuachia sheria: nguvu ya mwangaza izidishwe kwa kosini ya pembe, mara mbili. Kwa digrii 45 inabaki nusu. A inaacha nusu, B nusu ya ile nusu: robo, kama vioo ni safi kabisa.

Mwaka 1941 R. Clark Jones wa Marekani alionyesha njia ya matrisi: mwangaza ni safu ya namba mbili, kila kioo ni matrisi. Mimi niliandika A, B, halafu safu, vile tunavyosoma. Jibu: sifuri. Nikarudia mara tatu, sifuri tu, na namba naziona kwa macho! Kumbe matrisi iliyo karibu na safu ndiyo inayopokea mwangaza kwanza. Ilitakiwa B, A, safu. Sifuri yangu ilikuwa jibu la swali lingine: hamisha A, uiweke upande wa jicho nyuma ya B, utaona giza tupu.

Wa mwaka wa mwisho, mtihani wa Serikali uko karibu. Vioo viko kwangu. Njooni jioni mjaribu, lakini msivishike na vidole vyenye mafuta ya samaki.