Somo la Shokapu: Namna ya Kufungua na Kufufua Iliyochoka

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mwajua ya kuwa pikapu ya Chama ililala njiani msimu uliopita ikiwa imebeba karafuu mbichi, na ya kuwa magunia yale yalikaa siku mbili yamefungwa. Karafuu mbichi ikirundikwa hupata moto, na ikipata moto hufifia rangi. Hata uianike vizuri namna gani baadaye, mbele ya mizani haiwi tena ya daraja la kwanza. Hasara ile ilianza na kitu kidogo, nacho ni shokapu ya mbele iliyokwisha mafuta. Wiki nzima ilikuwa ikigonga chuma kwa chuma, nasi twaisikia twaiacha, mpaka bolti yake ya chini ikakatika mteremkoni. Kwa sababu hiyo ukurasa huu wa somo, ambao mmezoea kuuona ukisema habari za miche na majamvi, mara hii utasema habari za shokapu.

Kwanza ijulikane kazi yake. Watu wengi hudhani shokapu ndiyo ibebayo mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Lakini springi ikishaminywa haijui kutulia, hurukaruka kama mtoto kitandani. Shokapu ndiyo imzuiayo. Ndani yake mna silinda iliyojaa mafuta, na pistoni yenye matundu madogo yaliyofunikwa na washa nyembamba za chuma. Gari likipanda na kushuka, mafuta hulazimishwa kupita matundu yale kwa taabu, na ile taabu hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shokapu baada ya safari ya njia mbaya waiona ina moto. Mafuta yakipata moto sana na kuchanganyika na hewa hufanya povu, na povu halizuii kitu. Kwa hiyo zile zilizo bora hutiwa gesi ya naitrojeni nyuma ya pistoni ya pili isiyofungwa popote, ambayo huyasukuma mafuta yasipate nafasi ya kutoa povu.

Katika Hilux za muundo uliotoka mwaka 2004, na katika Prado nyingi, shokapu ya mbele imesimama ndani ya springi, vitu viwili vimekuwa kimoja. Lakini zile zilizotoka nazo kiwandani zimezibwa kabisa. Hazifunguliwi, na mwenye kuzikata kwa msumeno au kuzitoboa anacheza na gesi iliyobanwa. Hizo zikifa hununuliwa nyingine. Zinazofunguka ni zile za kazi ngumu, zenye mwili uliokatwa nyuzi za skurubu kwa nje, nati kubwa ya duara inayoshikilia springi, na valvu ndogo kama ya tairi. Pikapu yetu ilikuja na za namna hiyo, alizozitia mwenyewe wa kwanza.

Utajuaje kuwa imechoka? Unyevu mdogo wa mafuta kwenye rodi si ugonjwa; mafuta yakitiririka mpaka chini, huo ni ugonjwa. Tena gari huinamisha pua likifunga breki, huyumba kwenye kona, na tairi hulika mabakamabaka. Bonyeza pembe moja ya gari kwa uzito wako kisha uachie: lapasa lipande mara moja na kutulia. Jaribio hili halitoshi kwa gari zito, lakini likishindwa hapo huna haja ya kuuliza tena.

Sasa kazi yenyewe. Gari liwekwe juu ya stendi madhubuti, si juu ya jeki peke yake. Osha shokapu kabla ya kuifungua, maana chembe moja ya mchanga ikiingia ndani itakula sili mpya. Pima kwa rula nyuzi zilizo wazi juu ya nati ya duara, ukaandike, kwa kuwa kipimo hicho ndicho kimo cha gari lako. Kisha legeza nati ile mpaka springi icheze mkononi, ndipo utoe kikombe chake.

Hapa twataka wasomaji wasimame kidogo. Kwa shokapu ya kawaida isiyo na nyuzi, springi imebanwa na nati moja ya juu. Ukiifungua nati hiyo kabla ya kuishika springi kwa vibanio viwili, kila kimoja upande wake, springi itatoka kama risasi. Kijana mmoja katika gereji tusiyoitaja aliifunga kwa kamba ya katani. Kamba ilikatika. Leo anakula kwa upande mmoja wa taya.

Springi ikishatoka, toa gesi kwa kubonyeza valvu, uso wako ukiwa pembeni, mpaka isisikike kabisa. Wala usiguse kitu kingine kabla ya hapo. Kisha sukuma kifuniko ndani kidogo, ng'oa ringi ya waya iliyokizuia, uvute rodi na pistoni yake taratibu. Mafuta ya zamani hutoka meusi, yananuka kuungua. Ya kwetu yalikuwa na vumbi la chuma linalometameta, dalili ya kuwa tulichelewa.

Washa za pistoni ni jambo la amana. Zipo za upande wa kushuka na za upande wa kupanda, kubwa na ndogo, na mpangilio wao ndio ulaini au ugumu wa gari. Zitunge katika waya kwa utaratibu uleule zilivyotoka, kama shanga za tasbihi, na uzipige picha kwa simu kabla hujazisafisha. Rodi nayo pitisha ukucha juu yake kutoka mwisho hata mwisho. Ukucha ukinasa, au kromu ikiwa imebanduka, usijidanganye na msasa: rodi hiyo itakata sili mpya upesi, na kazi yako yote itakuwa bure.

Sili zote zibadilishwe, hata ile inayoonekana nzima. Zipake mafuta yaleyale ya shokapu, na ufunike nyuzi za rodi kwa kipande cha mfuko wa nailoni wakati wa kuzipitisha. Mafuta yawe ya shokapu, mepesi, kama alivyosema aliyeitengeneza. Oili ya injini ni nzito mno, na mafuta ya breki huharibu mpira. Yatie polepole, ichezeshe pistoni juu chini bila haraka, ungoje mapovu yapande, urudie. Hapa ndipo mafundi wengi hukosa subira. Pistoni ile isiyofungwa iwekwe kwa kina kilichoamriwa, kisha ufunge.

Limebaki la gesi, na hili ndilo lililotufanya tuandike somo. Fundi wetu, mtu mwema na mwenye mikono hodari, alikuja na mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, akasema gesi ni gesi. Mjumbe mmoja wa kamati, ambaye zamani alifanya kazi ya kuchomelea, ndiye aliyempigia kelele. Oksijeni ikibanwa pamoja na mafuta huwaka na kulipuka bila ya kiberiti. Naitrojeni haiwashi kitu, wala haina unyevu. Hewa ya pampu ya matairi nayo haifai, kwa kuwa ina maji ndani yake, na pampu nyingi hazifiki nguvu inayotakiwa: shokapu hizi kwa kawaida hutaka ratili 150 hadi 200 kwa kila inchi mraba. Tulingoja siku tano mpaka mtungi wa naitrojeni na saa yake ukavuka bahari kutoka Unguja. Tulinung'unika, twakiri. Na ikishatiwa, usiwe na tabia ya kupima kila siku, maana chumba cha gesi ni kidogo na kila ukipima wapunguza.

Fanya za pande mbili kwa pamoja, si moja. Rudisha nati ya duara kwenye kipimo ulichoandika. Bolti zenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo mpira hupotoka na kupasuka. Endesha pole siku ya kwanza bila mzigo, uangalie kama pana mafuta, ukaze tena.

Vipimo vyetu na picha za washa vimo katika daftari la gari, ofisini. Mwanachama mwenye shokapu za namna hii na aje kunakili, ila kalamu aje nayo.