Nani Atajua Kama Hupo?

Mwanachuo mwenzangu, fungua Waebrania 10. Wengi tunaujua mstari wa 25 tu, ule wa kutoacha kukusanyika, tena tumeusikia ukisomwa kwa ukali kama tangazo la ada. Anza na wa 24. Pale mwandishi anataka waumini waangaliane na kuhimizana kupenda na kutenda mema. Halafu shuka hadi 32-34 uone aliwaandikia akina nani: watu waliotukanwa hadharani, wakanyang'anywa mali, wakawahurumia wenzao waliofungwa. Sasa utamhurumiaje mfungwa kama hujui kwamba hayupo?

Hapo ndipo nilipokwama mwaka wa pili. Niliacha ushirika semista nzima. Nilijiambia nasali chumbani, na mahubiri nasikiliza kwenye simu. Na kweli nilisali. Ila bumu lilipochelewa nikawa nakula mara moja kwa siku, na hakuna aliyejua, maana hakuna aliyekuwa ananitegemea mahali popote. Simu haikuulizi mbona umekonda.

Nilikuja kuelewa nikiwa fildi, nikiita majina Kidato cha Pili. Mimi daftari la mahudhurio nililiona ni la kukamatia watoro. Mwalimu aliyenisimamia alilitumia tofauti: mtoto akikosekana siku mbili, anatuma mtu nyumbani kwao.

Kuna wanaosema vikundi vyetu vina umbea, na kesha linawekwa usiku wa kuamkia jaribio. Ni kweli, tusibishane. Hata Troa, Paulo aliongea mpaka usiku wa manane, Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu (Matendo 20:7-12). Viongozi, hiyo muisome vizuri! Lakini kijana yule alianguka mbele ya watu. Wakashuka, Paulo akamkumbatia, akawa hai, na ibada ikaendelea mpaka alfajiri.

Jambo jingine: Matendo 2:46 inawataja waumini hekaluni na pia majumbani. Ibada kubwa ya Jumapili ni nzuri, ila ndani yake unaweza kujificha miaka mitatu yote. Ndiyo maana kile kikundi kidogo cha hosteli, watu sita na gitaa bovu, sikidharau tena.

Nilirudi Jumatano moja, nikakaa nyuma kabisa. Dada mmoja wa kwaya alinifuata baada ya sala. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza kama nimekula.