Asili ya Neno "Mortgage"

Neno la Kiingereza "mortgage" huandikwa kwa herufi "t" katikati, lakini herufi hiyo haitamkwi. Maana yake ni rehani ya shamba au nyumba, iwekwayo na mtu ili apate mkopo.

Asili yake ni Kifaransa cha kale. Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066 walikuja na lugha hiyo, nayo ikatumika katika mambo ya sheria kwa karne nyingi. "Mort" ni mfu, na "gage" ni rehani. Maneno hayo yakiungana huwa "rehani mfu".

Je, rehani hufaje? Hakimu Thomas Littleton, aliyefariki mwaka 1481, aliieleza hivi: mdeni asipolipa siku iliyowekwa, ardhi imekufa kwake, kwani haitamrudia kamwe. Akilipa, rehani yenyewe hufa, na mwenye kumkopesha hana haki tena juu ya ardhi ile. Basi kimoja katika viwili hivyo sharti kife, na siku ya kulipa ndiyo iamuayo.

Katika karne ya 17 mahakama ya Uingereza ilikuwa ikimpa mdeni aliyechelewa nafasi ya kuikomboa ardhi yake. Hata hivyo jina halikubadilika, na onyo lake lingalimo. Yampasa kila atiaye sahihi hati ya namna hiyo aulize kwanza siku ya kulipa na kiasi cha riba. Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga.